Sekunde mbili na nusu: kisa cha darasa la sita na madereva wa barabara kuu

Kila nikikutana na walimu wenzangu kwenye semina hakosekani wa kuniuliza nyie matuta ya barabarani mbele ya shule mliyapataje, na wengi wanaamini kabisa nilikuwa na mtu huko juu. Sikuwa na mtu. Nilikuwa na kaunta buku moja, futikamba ya michezo na watoto wa darasa la sita, na hata hivyo tulikosea mara mbili kabla hatujapatia, ndo maana naona bora niseme kisa chote pamoja na makosa yake maana ukisikia mwisho tu utadhani ilikuwa kazi ya wiki mbili.

Shule yetu (jina naliacha) iko kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, upande wa kuelekea Gairo. Anayeijua hiyo njia anajua inavyokuwa, mabasi ya Mwanza, malori ya Kigali na Bujumbura, magari ya IT (yale mapya yanayopitishwa kwenda nchi jirani) yanayokimbizana, na V8 za wakubwa wanaowahi vikao Dodoma. Lami imepasua kijiji katikati, shule upande huu, nyumba nyingi upande ule, kwahiyo mtoto anavuka mara mbili kwa siku atake asitake, na wale wa awali na la kwanza wanaotoka mapema wanavuka wenyewe bila hata kaka wala dada. Asubuhi mtoto anakuja na kidumu cha maji mkono mmoja, ufagio mkono wa pili, begi mgongoni. Sasa mchukue mtoto wa miaka saba na mzigo huo halafu umwambie "vuka haraka".

Kibao cha 50 kipo, tena kipo miaka mingi, kimechubuka tu. Madereva wanakiheshimu pale wanapojua kuna tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo. Na tochi ikiwepo wenzao wanaotoka mbele wanawawashia taa, basi barabara inakuwa ya kistaarabu kwa muda, trafiki akifunga vitu vyake akaondoka watu wanakanyaga mafuta kama walikuwa kifungoni.

Kilichotuamsha ni mtoto wa darasa la pili aliyegongwa na gari aina ya Noah saa sita mchana akirudi nyumbani. Alivunjika paja. Alikaa nyumbani muda mrefu, akarudi anachechemea, saivi anacheza mpira na wenzake, Mungu mkubwa. Dereva hakukimbia, ni yeye mwenyewe aliyembeba kumpeleka hospitali, na kwa mwenyekiti wa kijiji alisema maneno ambayo mimi hayakunitoka kichwani: "Nilimwona, nikakanyaga breki, gari halikusimama." Hakuwa amelewa, hakuwa na simu mkononi. Alimwona kabisa. Mimi nafundisha hesabu na sayansi, lile neno "halikusimama" likanikaa kama swali la mtihani.

Lakini hatukuanza na hesabu, tulianza kama shule zote zinavyoanza, na mabango. Watoto wakachora kwenye manila DEREVA PUNGUZA MWENDO SISI NI TAIFA LA KESHO, wakaimba kando ya barabara asubuhi nzima, viongozi wakaja, picha zikapigwa, soda zikagawiwa. Madereva wakapiga honi na kutupungia mikono, wengine wakiwa na mwendo uleule! Jumatano mvua ikanyesha manila zikalowa zikaanguka, na ndo ikawa mwisho wa kampeni. Sisemi mabango ni upuuzi, watoto walifurahi na wazazi walielewa kuna jambo, ila dereva wa lori la Kigali anayesoma "taifa la kesho" hajaambiwa yeye hapo hapo kafanya nini. Anaona linahusu madereva wabaya. Na hakuna dereva anayejihesabu ni mbaya.

Kosa la pili ni kubwa zaidi na hili huwa nalisema kwa aibu. Tukaunda patroli. Viranja wa darasa la saba wakavaa reflekta, tukawachongea kibao cha SIMAMA chenye mpini, wakawa wanasimamisha magari ili wadogo wavuke. Wazo lenyewe sio geni, Chicago walianza na patroli za wanafunzi tangu 1920, Ujerumani wanazo tangu 1953, na hapa kwetu pia zipo shule zinazofanya hivyo. Kwenye mtaa wa mwendo mdogo naamini inasaidia. Kwetu ilidumu wiki moja na siku mbili. Siku ya mwisho lori lilisimama vizuri tu, dereva mstaarabu, ila nyuma yake kulikuwa na basi dogo la Kosta ambalo halikuona kwanini lori limesimama, likaovateki, likapita katikati ya mstari wa watoto. Binti aliyeshika kibao akakiachia akawadaka wadogo wawili kwa sweta zao akawavuta nyuma. Hakuguswa mtu. Kibao kilipondwa vipande. Nilipofika mbio namkuta anatetemeka, kitu cha kwanza ananiambia, "Mwalimu samahani, kibao kimevunjika."

Nikavunja patroli siku ileile. Mkuu wa shule alikuwa na wasiwasi tutaonekana tumeshindwa, nikamwambia mkuu, tumempa mtoto wa miaka 13 kazi ya kusimamisha tani 30, hiyo kazi hata mimi na wewe hatuiwezi. Tangu hapo msimamo wangu ni kwamba mtoto akanyage lami anapovuka tu, basi. Akae pembeni awe shahidi, uaskari tuwaachie wenye kazi yao. Na ni hilo la ushahidi ndilo lililokuja kutubeba.

Kipindi kimoja cha hesabu tulikuwa kwenye mwendo, umbali na muda, ile mada ambayo kitabu kinakwambia Juma aliendesha baiskeli kutoka kijiji A kwenda kijiji B na watoto wanasinzia. Nikawatoa nje. Tukachukua futikamba tukapima mita 50 ndani ya uzio wa miti sambamba na barabara, alama ya kwanza kwenye mwembe, ya pili tukachimbia nguzo na kuipaka chokaa. Hakuna aliyesogelea lami, tulikuwa kama hatua kumi na tano ndani. Mtoto mmoja anasimama mwembeni na kitambaa chekundu, matairi ya mbele yakilingana na mwembe anashusha kitambaa, mwingine yuko kwenye nguzo na simu yangu anawasha stopwochi, matairi yakifika kwake anazima. Wa tatu anaandika.

Uzuri wa mita 50 ni kwamba hesabu inakuwa nyepesi mno. Unachukua 180 unagawa kwa sekunde, jibu linatoka moja kwa moja kwa kilomita kwa saa (50 mara 3.6 ndo hiyo 180). Gari likitumia sekunde 6 ni 30, sekunde 3 ni 60, sekunde 2 ni 90. Mtoto ambaye kugawanya kwa desimali kulikuwa kunamliza, wiki ya pili anakutajia mwendo hata kabla vumbi halijatua. Walikuwa wanabishana wenyewe, "lile ni themanini!" "sio themanini wewe, ni sabini na nane!"

Tulijikwaa kwenye mambo mawili hapa na atakayeiga aangalie. La kwanza, watoto walivaa zile reflekta zilizobaki za patroli, madereva wakidhani ni trafiki na tochi wakawa wanapunguza, tena wanawawashia wenzao taa, yaani siku nzima tulipima woga wa tochi badala ya mwendo. Tukavua reflekta tukahamia kwenye kivuli, namba zikabadilika palepale. La pili, kidole cha mtoto kinachelewa au kinawahi. Gari la sekunde 2.5 ni 72, ukikosea sehemu mbili tu za kumi unapata 67 au 78, kwahiyo gari moja moja usiliapie. Ila ukipima asubuhi nyingi makosa ya kuwahi na ya kuchelewa yanafutana, na picha kubwa haibadiliki. Ambaye ana nafasi apime mita 100, agawe 360, kosa linapungua nusu.

Picha kubwa yenyewe ilikuwa mbaya. Waliotii kile kibao cha 50 ulikuwa unawahesabu kwa vidole, na wengi wao walikuwa malori yaliyolemewa na mzigo, sio kwamba walikuwa wema.

Halafu nikawarudisha kwenye neno la yule dereva wa Noah. Kwanini gari halikusimama? Tukafanya kwa hatua, mtu akiona hatari mpaka mguu ufike kwenye breki tuchukulie sekunde moja, na gari zima kwenye lami kavu ndo linaanza kupunguza. Kwa 30 gari linakula mita 8 kabla breki haijagusa, jumlisha 5 za breki, limesimama kwenye mita 13. Kwa 50 linahitaji kama 28. Kwa 72 linakula 20 za kushtuka tu na karibu 29 za breki, jumla 49. Watoto wakanyamaza kidogo, alafu mmoja akanyoosha mkono akasema mwalimu, hiyo si ni kutoka mwembeni mpaka kwenye nguzo. Ndo hiyo kweli. Hata mimi nilikuwa sijaliona. Njia yetu ya kupimia ilikuwa ndo urefu wa gari kusimama.

Tukaweka sheria moja ambayo nilisimama nayo hadi mwisho, hakuna kuandika namba za gari. Tunaandika aina tu, basi, lori, gari dogo, pikipiki. Mtoto akijulikana anaandika namba za watu kuna siku mtu atashuka na hasira. Hata hivyo kuna mstari mmoja kwenye lile kaunta buku, safu ya aina ya chombo, mtoto kaandika "Baba", sekunde 2.8. Baba yake ni bodaboda, tena mwenyekiti wa kijiwe. Ni 64 hiyo, mbele ya shule anayosoma mwanae! Sikulifuta. Siku ya kikao cha wazazi daftari likapita mikononi, mzee akaufikia ule ukurasa, akacheka kwanza, akamgeukia mwanae, "Kumbe umeniandika dogo?" Mtoto akajibu kwa adabu kabisa, "Ndiyo baba, ulipita saa moja na dakika arobaini." Pale kijiweni walipanga wenyewe adhabu yao, mimi sikuwepo, ila bodaboda ndo kundi la kwanza lililobadilika na hakuna trafiki aliyehusika.

Nilikuwa nimesikia London wana mpango wanauita Junior Roadwatch, dereva akikamatwa na mwendo karibu na shule anaweza kukutanishwa na wanafunzi wamuulize maswali. Nikamwendea afande mmoja wa trafiki nikamweleza, akakubali asubuhi mbili. Yeye ndo alisimamisha, sehemu pana ya kuegesha, watoto ndani ya uzio, dereva anasogezwa kwao na anaambiwa chagua, faini elfu thelathini au dakika tano na hawa. Wote walichagua watoto na wote walidhani wamepona.

Nakumbuka wa gari dogo jeupe, mtu mzima, shati la mikono mirefu, anakuja anatabasamu. Watoto wakaamkia kwa pamoja, shikamoo baba, akaitikia marahaba wanangu hamjambo. Binti mmoja akafungua daftari.

"Baba ulikuwa unawahi wapi?"

"Dodoma mama, nina kikao."

"Umetumia sekunde mbili na nusu kutoka kwenye ule mwembe. Ni sabini na mbili. Ungeniona pale mwembeni ungesimama hapa kwenye nguzo."

Yule baba akageuka akauangalia mwembe, akaiangalia nguzo, tabasamu likaisha. Mtoto mwingine, huyu mtundu kidogo, akaongeza kwamba eneo la shule lote ni mita 400, ukipita na 80 unatumia sekunde 18, ukipita na 30 unatumia 48, "kwahiyo baba ungechelewa kikao nusu dakika tu." Afande akaangalia pembeni asicheke. Yule mzee akasema samahani wanangu, akaenda garini akakaa muda kabla hajawasha.

Sasa mimi sitaki mtu apende hii sehemu kupita kiasi. Ni sehemu inayosimuliwa vizuri na ndo kila mtu anataka kuiga, ila nguvu yake ina mpaka. Yule mzee labda hadi leo anapunguza pale, ila nyuma yake siku hiyohiyo walipita mamia ambao hawakusikia chochote, na kesho wanakuja wengine kutoka Mwanza na Kigali. Aibu inafanya kazi kwa mtu mnayemjua, kama baba wa bodaboda. Barabara kuu imejaa wageni, na mgeni anapunguzwa na kitu kilichojengwa chini ya matairi yake.

Kwahiyo daftari likaenda kwenye mkutano wa kijiji. Watoto wawili ndo walisimama kusoma, na naomba nieleweke, hawakuhutubia, walisoma tu namba, siku, saa, aina ya gari, sekunde, mwendo, ukurasa baada ya ukurasa mpaka watu wakaanza kuguna. Kulikuwa na ubishi wa kweli pia. Mzee mmoja akasema matuta yataleta wezi wanaodandia malori yakipunguza, na hiyo sio hadithi inatokea, ndo maana tukakubaliana tuta liwe pale getini penye watu na taa za maduka na sio kwenye giza la chini. Mkutano ukaandika muhtasari, mtendaji akagonga mhuri.

Barua ya kwanza tukaipeleka TARURA wilayani, wakatuelewesha kwamba wao wana barabara za wilaya, mitaa na vijiji, barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Mwalimu unayesoma hapa jua barabara yako ni ya nani kabla hujanunua bahasha. Tulipopeleka panapohusika tuliambatisha nakala za daftari na mchoro wa watoto unaoonyesha wanavukia wapi hasa, maana mtu mzima anachora kivuko getini wakati watoto wenyewe wanakata kona kwenye duka la mama lishe. Hilo la kuwauliza watoto tulijifunza kwa wenzetu wa Dar es Salaam, kuna shirika la Amend na mradi wao wa SARSAI, wanaanza kwa kuuliza shuleni nani aligongwa na wapi, na kuangalia watoto wanavyotembea, ndo wanaweka njia ya miguu, matuta, zebra, kuna sehemu hata geti la shule linahamishwa. Tathmini yao ililinganisha shule zilizofanyiwa kazi na zisizofanyiwa, majeraha ya watoto yakapungua kama asilimia 26, na 2019 wakapata tuzo ya WRI Ross Center ya dola 250,000. Hilo nalo tuliliandika kwenye barua, aya moja. Na tukaandika kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri 30 penye mchanganyiko wa magari na waenda kwa miguu, sio 50.

Mhandisi alikuja. Alichokifanya nilikipenda, hakuingia ofisini kwanza, aliomba watoto wamwonyeshe wanavyopima, akasimama mwembeni na kitambaa yeye mwenyewe. Akatueleza kwamba tuta la ghafla kwenye barabara kuu linaua pia, basi la spidi likilikuta bila taarifa linapaa, kwahiyo zinatangulia rasta za kumtikisa dereva aamke, vibao, halafu ndo tuta pana lenye zebra juu yake. Vikaja vyote, sio kesho yake wala mwezi uleule, lile darasa la sita lilikuwa limeshaingia la saba.

Tukapima tena sehemu ileile saa zilezile. Wengi sasa ni kati ya sekunde 5 na 7, yaani 36 kushuka hadi 26. Watoto walilalamika kwamba kazi imekuwa ya kuchosha, gari linachukua muda mrefu mno kufika kwenye nguzo.

Hayajaisha yote. Pikipiki zisizo za kijiji zinapita pembeni ya tuta kwenye changarawe, palepale watoto wanaposubiria, tumeweka mawe yakahamishwa tumeyarudisha. Na madereva wakishavuka tuta wanataka kurudisha muda wao, sasa kona ya msikitini kule juu, ambako wanavukia watoto wa kitongoji cha pili, kumekuwa na mwendo kuliko zamani. Darasa la sita la mwaka huu wamehamishia futikamba huko, mwembe hakuna wametumia mkorosho. Ukurasa wa kwanza una magari kumi na moja, la kasi zaidi sekunde 2.2. Barua iko kwa mtendaji, inasubiri mhuri.